Mkwe Wangu na Sanduku la Darini

Nimeanza kuandika haya Jumatatu na leo ni Ijumaa, kwa sababu mkono wangu si wa kalamu, ni wa jembe. Shule niliishia darasa la tatu. Binti yangu Susana aliniambia, "Mama, wewe sema tu, mimi nitaandika." Nikakataa. Ukisema wewe akaandika mwingine, atalainisha. Haya sitaki yalainishwe.

Nataka kuandika habari za mume wake, Elinami. Huku kwetu, juu ya Nkoaranga, kuna maneno yanazunguka kutoka mtambo wa kahawa mpaka benchi la nje ya kanisa. Wanasema Elinami aliingia chumbani kwa mama mkwe wake, akapita kando ya kitanda chake, akapanda juu ya kichwa chake, akalala huko mchana kutwa. Ni kweli. Aliingia, alipita, alipanda, alilala. Lakini wanaosema hawaanzii mwanzo, na mwanzo unanihusu mimi kuliko unavyomhusu yeye.

Elinami ni Mchaga wa Machame. Aliteremka Arusha akiwa kijana, ana bisibisi moja na chuma cha kulehemu nyaya, akafungua kibanda Sekei, upana wake kama kabati. Alitengeneza redio, kisha redio zikapungua akatengeneza simu. Alipomtaka Susana nilimwambia binti yangu, "Mtu anayeshinda ameinamia matumbo ya redio atakulisha nini? Waya?" Wajomba zake walipokuja kuposa niliwakalisha uani tangu asubuhi mpaka jua likageuka, nikisema nachambua maharage. Kweli nilikuwa nachambua, ila maharage yenyewe hayakujaza bakuli. Walikaa. Yeye mwenyewe alikaa kuliko wote, mikono juu ya magoti, hakuangalia saa hata mara moja. Basi nikachoka mimi kabla yake, nikawaletea chai.

Akamwoa Susana, wakajenga Moshono. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akija kwangu anakalia kiti kilekile cha uani, kando ya mibuni. Kwetu mkwe mwanaume ana mipaka yake. Anasalimia akiwa mbali kidogo. Hakuoni ukila. Sebuleni anaweza kufika kama mvua imezidi, na hata hapo atakaa karibu na mlango. Chumba chako cha kulala anakijua kwa ukuta wa nje tu. Elinami aliishika mipaka hiyo kuliko hata wakwe wa Kimeru. Nilijivunia jambo hilo, ingawa sikumwambia.

Sasa jinsi alivyoingia kwenye uokoaji. Mwaka mmoja maji yalifurika bondeni mjini, watu wakatoka kuokoa, yeye naye akatoka na kamba. Walikuwa upande huu wa maji na upande ule. Kulikuwa na mtu ameshika nguzo. Huku wakadhani wa kule wamempata, kule wakadhani wa huku wamempata, simu hazishiki, na kelele za maji huwezi kuzishinda kwa koo. Wakaondoka wote. Yule mtu aliachwa na watu arobaini wenye nguvu zao. Elinami alinisimulia hayo akiwa kwenye kiti chake, kisha akasema, "Mama, kilichopungua pale kilikuwa neno moja tu."

Baada ya hapo akajiunga na kikosi cha kujitolea cha mjini. Wengine wanajua kamba, wengine wanajua kufunga mifupa. Yeye akapewa redio za upepo, zile za mkononi za kuongea kwa zamu, na baadaye akapewa sanduku. Alikuja kunieleza kwa furaha kama mtu aliyepata mtoto. Akasema wakati wa maafa minara ya simu ndiyo inayokufa mapema. Umeme unakatika, au njia ya kupeleka mafuta inazolewa, au watu wote wanapiga kwa pamoja mpaka mnara unaziba. Kwa hiyo mtandao inabidi uubebe mgongoni, ukauweke pale penye shida, ndani ya dakika chache uwe unasema.

"Linafanya nini hilo sanduku?" nikamwuliza.

"Linamsikia mtu wa huku, linayarudia maneno yake kwa mtu wa kule, mama. Redio zenyewe haziwezi kupita mlima."

"Ni yowe hilo."

Maana zamani kwetu mtu akipatwa na jambo alisimama kwenye mgongo wa kilima chake akapiga yowe, wa kilima cha pili akalipokea akalipiga tena, mpaka likafika kusikotazamika.

"Hasa, mama! Sanduku ndiye yule jirani wa katikati." Kisha akatazama juu, kwenye nyumba yangu. Nyumba hii aliijenga marehemu Sadoki, mume wangu, kwenye pua ya mgongo wa kilima, na paa lake ni la mwinuko kwa ajili ya mvua za Meru. Juu ukutani kuna kidirisha cha dari ninapokausha mbegu. Elinami akasema taratibu, "Lile dirisha linaona korongo na linaona kilima cha pili."

"Linaona," nikasema.

Tukaishia hapo. Nataka mkumbuke kwamba tulishasema hayo, mimi na yeye, tena mchana kweupe.

Ikaja masika ya mwaka jana. Siku tisa mvua haikupumzika. Siku ya kumi, alfajiri, nilisikia mngurumo nikadhani ni lori. Kumbe ni ardhi. Ng'ambo ya korongo kipande cha mlima kilikuwa kimeteremka na migomba yake, kikaipiga nyumba ya Agnela.

Agnela tuliolewa mwaka mmoja kwenye ukoo mmoja, mimi kwa kaka mkubwa, yeye kwa mdogo. Tumezika waume zetu tukishikana mikono, na tumegombana mara nyingi tu, kuhusu mfereji, kuhusu kuku, kuhusu nani alikuwa mzuri zaidi siku ya harusi. Alikuwa peke yake ndani. Vijana waliovuka walirudi wakisema yu hai, anaongea, amebanwa mguu na boriti ya mlango, na tope liko mpaka kiunoni.

Kikosi cha mjini kilifika saa mbili kasoro. Gari liliishia chini, wakapanda kwa miguu. Mkubwa wao ni Mwarusha anaitwa Lerionka, mtu mrefu, sauti ndogo. Akautazama mlima, akatuonyesha kidole. Juu ya nyumba ya Agnela kulikuwa na ufa, mrefu kama mfereji, bado haujateremka.

"Wanaochimba hawauoni ule ufa," akasema. "Uko juu ya vichwa vyao. Lazima kuwe na mtu kwenye kilima cha pili anayeutazama bila kupepesa, na akisema tokeni, wasikie saa ileile. Bila hivyo simpeleki mtu wangu mle ndani. Nitazika saba badala ya mmoja."

Watu walinung'unika, lakini alikuwa sawa. Alimpeleka Prosper, kijana mwenye macho makali, kilima cha pili, akae anatazama ufa. Alimpeleka Calvin na wenzake wavuke na majembe, wasubiri kando. Lakini kati ya Prosper na Calvin lilikuwapo bega la kilima chetu. Prosper akisema kwenye redio yake, Calvin anasikia mkwaruzo tu. Simu zilikuwa zimekufa tangu jana yake. Wakapiga filimbi, mvua ikaimeza. Kazi ikawa ya Elinami. Sanduku lilikuwa moja, mgongoni kwake, na anayelijua alikuwa yeye peke yake, maana mwenzake alikuwa mgonjwa.

Lerionka akamwambia mbele ya watu wote, mimi nikisikia, "Wewe ni mkwe wa huku. Unapajua. Ni wapi patakapoona pande zote mbili?"

Elinami alitazama chini. Akasema, "Kiwanja cha kanisa, labda."

Nasema kweli mbele za Mungu: nilijua anadanganya. Na yeye alijua kwamba ninajua. Dirisha liko chumba changu kinapoishia juu. Paa lina utelezi, huwezi kulipanda kwa nje siku ya mvua, na mlango wa kupandia darini uko chumbani mwangu, juu ya kitanda. Ili aweke lile sanduku ilikuwa lazima aingie anapolala mama mkwe wake, aweke ngazi kando ya kitanda chake, akae juu ya kichwa chake. Hakuweza kutamka. Afadhali angekula udongo.

Na mimi? Mimi nilisimama mlangoni nimejifunga kanga mbili, nikasema moyoni, aombe. Mkwe ndiye aombe. Mama mkwe hamwiti mkwe chumbani kwake. Nikaona ni heshima. Leo naandika kwamba ilikuwa kiburi, na kiburi chenyewe nakijua, nimekaa nacho miaka mingi.

Wakaenda kiwanja cha kanisa. Wakasimamisha mlingoti wao, ule wa kuunganisha vipande. Ulifaa uwanjani, lakini mbele yake ilikuwapo migrivelia, ile miti mirefu ya kivuli, shamba zima. Prosper alisikika, Calvin hakusikika. Wakahamia mtambo wa kahawa. Calvin akasikika, Prosper akapotea. Mwisho Elinami akajifunga kamba akapanda mgrivelia, sanduku mgongoni, mvua inampiga. Mti ukawa unayumba, na kila ukiyumba maneno yanakatika. Nilimtazama kutoka mlangoni. Nikamwona anateremka mara ya pili. Na Agnela alikuwa kwenye tope.

Saa tano Lerionka alikuja uani kwangu kuomba maji ya moto kwa ajili ya watu wake. Alivua kofia, akainamisha kichwa. "Shikamoo, koko," akasema, yaani bibi kwa lugha yao.

"Marahaba."

Alipoinua kichwa macho yake yalipita juu ya paa. Yakakaa pale. Akageuka, akatazama korongo. Akageuka tena, akatazama kilima cha pili. Elinami alikuwa amesimama getini, hajaingia.

"Elinami. Hii nyumba ni ya nani?"

Nikajibu mimi. "Ni yangu."

"Na wewe ni nani kwake?"

"Mama wa mke wake."

Lerionka alivuta pumzi ndefu. "Eeh," akasema. "Basi." Akaikunja kofia mkononi. "Koko, kwetu mimi nikikutana na mama mkwe wangu njiani napinda napita porini. Nyoka na aniume. Namwelewa huyu kijana sana. Lakini yule mama kule chini hajui habari za ukwe."

Ndipo niliposema. Sikusema vizuri. Nilisema kwa hasira, kama vile wao ndio walionichelewesha. "Elinami! Unasimama getini kama mwizi wa kuku? Ngazi iko nyuma ya jiko. Vua hayo mabuti, upite."

"Mama..." akasema.

"Usiniite mama. Pita!"

Alivua mabuti. Alipita sebuleni. Mlangoni mwa chumba changu alisimama, akafumba macho, na naapa kwamba aliingia akiwa amefumba macho. Akagonga kabati. Nikamwambia, "Fumbua, utaua watu." Akafumbua, akatazama ukuta tu, akapanda.

Dirisha lilikuwa dogo mno kwa ule mlingoti. Akatenganisha mabati mawili akapitisha fimbo ya antena juu ya paa. Hapakuwa na mahali pa kuifunga, mbao za Sadoki ni za zamani na misumari haishiki. Kwa hiyo akalala kifudifudi juu ya mbao, akaishika kwa mikono miwili. Mimi nikakaa kitandani kwangu, chini yake. Na kupitia zile mbao nikaanza kusikia sauti za watu.

"Mlinzi, Mlinzi, hapa Dari. Unanipata?"

"Nakupata Dari! Kama uko mfukoni mwangu." Huyo ni Prosper.

"Shimo, Shimo, hapa Dari."

"Shimo nakupata. Mlikuwa wapi jamani?" Huyo ni Calvin.

Elinami akasema, "Ingieni. Mlinzi anatazama."

Wakaanza kuchimba. Niliijua siku hiyo yote kwa masikio. Niliwasikia wakiomba jeki, wakiomba mbao, Lerionka akiuliza maji yamefika wapi. Mwanzoni walirukiana, watatu wanasema kwa pamoja, inatoka sauti kama ya mbuzi anayechinjwa. Elinami akawakata. "Mmoja mmoja! Taja jina lako, sema, nyamaza. Asiye na la kusema aache kidole." Sijawahi kumsikia mkwe wangu akiongea hivyo. Kwangu ni mtu wa ndiyo mama, hapana mama. Betri ilipopungua akawaambia wapunguze maneno, akabadilisha kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika fimbo. Maji yalikuwa yanaingia kwenye lile tundu la bati, yanampita mgongoni, yanadondoka kwenye foronya yangu. Nilimpelekea uji juu ya ngazi, akanywa bila kunitazama.

Saa nane na kitu Prosper akapiga kelele. "Tokeni! Tokeni! Ufa unafunguka, tokeni!"

Halafu kimya. Kisha mngurumo, safari hii mdogo. Kitanda changu kilitikisika.

Elinami akawa anaita. "Shimo. Shimo. Calvin, taja watu." Hakuna. "Calvin, taja watu."

Calvin akaja, anahema. "Tuko saba. Saba wote tumetoka. Imeteremka kando, haijafukia shimo. Lakini yule mama yumo. Nimemwachia redio yangu mkononi, naongea kwa redio ya Fanuel." Huyo Fanuel ni mzee wa ukoo wetu, alivuka kusali, akapewa redio ashike kwa sababu hawezi jembe.

Mara ikaja sauti nyingine, nyembamba. Alikuwa amebonyeza bila kujua, au anajua, kwa Agnela huwezi kusema.

"Mmeniacha," akasema. "Mmekimbia kama kuku, mmeniacha."

Nikasimama juu ya kitanda changu, na magoti yangu haya, nikagonga mbao. "Nipe hicho kidude." Elinami akaning'iniza redio kwa kamba yake. Akanionyesha pa kubonyeza.

"Agnela," nikasema.

"Nani huyo?"

"Mimi. Mama Susana."

"Uko wapi?"

Sikufikiri. "Kitandani kwangu."

Nikasikia anacheka, kicheko cha mtu ambaye tope limeshamfika kifuani. "Mungu wangu. Mimi nimezikwa, mwenzangu yuko kitandani. Na harusi ilikuwa hivyohivyo, ulilala mpaka wakaja kukuamsha."

"Nililala kwa sababu nilikuwa mzuri, sikuhitaji kujipodoa toka alfajiri kama wewe."

"Ulikuwa na chunusi."

"Usilale, Agnela."

"Ni nani anaweza kulala hapa? Mguu siusikii."

Tuliongea hivyo nusu saa. Elinami alikuwa akigonga mbao kwa kidole kila mara, ili niache kubonyeza, Prosper apate nafasi ya kusema ufa umetulia. Naye Prosper akisema, kila mtu ananyamaza, hata Agnela. Kisha Lerionka akawarudisha watu. Saa kumi kamili Calvin akasema, "Dari, Dari. Tumemtoa. Anatukana. Yu hai." Nikasikia darini kishindo. Elinami alikuwa ameiachia fimbo, mikono imekufa ganzi.

Alipoteremka alipita ukutaukuta kama alivyoingia, akiwa amelowa, uso umejaa masizi ya dari. Mlangoni akasema, "Mama, nisamehe." Nikamwambia chai iko jikoni. Ndiyo maneno niliyokuwa nayo.

Walimbeba Agnela mpaka hospitali. Mguu ukakatwa chini ya goti. Nilikuwapo daktari aliposema. Alisema boriti ilikuwa imeukalia muda mrefu mno, kwamba masaa ya mwanzo ndiyo yanayouokoa mguu. Hakumlaumu mtu. Nilihesabu mwenyewe, kutoka saa mbili mpaka saa tano. Masaa matatu.

Watu walimwuliza Agnela kilichochelewesha, akawa anawaambia, "Mvua." Nami nikakubali, mvua.

Mwezi wa sita wazee wa ukoo wakakaa. Hawakukaa kwa ajili ya mguu, walikaa kwa ajili ya chumba changu. Mzee Fanuel akasema jambo la mkwe kupita kitandani haliwezi kuachwa hivihivi, hata kama ni uokoaji, watoto watajifunza nini? Elinami alete isale. Isale ni jani tunalopanda kwenye mipaka na kwenye makaburi, na likifungwa fundo likaletwa kwako, aliyelileta amejishusha kabisa, wewe ndiye wa kumwinua.

Elinami akalileta. Aliniamkia getini, akapiga goti kwenye kokoto, mtu mwenye miaka hamsini kasoro na mvi masikioni, ameshika jani kwa mikono miwili. Wazee wanatazama. Susana analia.

Nikalipokea. Nikamwinua. Kisha nikawaambia wazee, "Sasa mmekula? Mmeshiba? Basi sikilizeni. Huyu alijua dirisha tangu saa mbili, nami nilijua tangu saa mbili. Alinyamaza kwa kuniheshimu, nami nilinyamaza ili niheshimiwe. Kama kuna wa kupiga goti si kwangu."

Mzee Fanuel akasema, "Mama Susana, hayo usiyafukue."

"Mimi si ardhi," nikasema. "Sisubiri kufukuliwa."

Nikatoka na panga mpaka kwenye mpaka wangu, nikakata isale langu mwenyewe, nikafunga fundo. Elinami akanifuata. Tukateremka korongo, yeye mbele akinishika mkono penye utelezi, nami sikumkataza. Alishapita kitandani, mkono ni nini?

Agnela alikuwa kwa mwanawe, kwenye nyumba ya mabati waliyomjengea, amekaa kwenye kiti, mkongojo kando. Alipoliona lile jani mkononi mwangu uso wake ulibadilika, maana kwa miaka hamsini hajawahi kuona nikimwomba mtu kitu.

Nikapiga goti. Ilichukua muda. Nikamweleza yote, kiwanja cha kanisa, mtambo wa kahawa, mgrivelia, mimi mlangoni na kanga zangu mbili.

Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Masaa matatu."

"Masaa matatu."

"Kwa sababu ya kitanda."

"Kwa sababu ya kitanda."

Akamtazama Elinami, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu. "Weka hilo jani hapo mezani," akasema. "Sijakubali. Usije ukasema kanisani kwamba nimekubali. Inuka, utaumwa magoti, na mimi siwezi kukuinua. Chai iko kwenye chupa."

Nikajiinua kwa kushika meza. Elinami akamimina chai, vikombe vitatu, akanywa chake mbele yangu.

Sasa ni masika tena. Kikosi kimeomba kufunga chuma cha kudumu kwenye kidirisha changu, ili mtu akija na sanduku alipachike tu, bila kulala kifudifudi. Nimesema ndiyo. Elinami ndiye aliyekifunga, Jumamosi iliyopita, mlango wazi, majirani wanapita njiani wanaona. Mimi nilikaa kitandani chini yake nikimenya ndizi. Bati aliliziba, ila bado linavuja kidogo upande wa kichwani. Nimesogeza mto.

Kwa Agnela naenda kila Jumatano. Hajasema neno lolote juu ya lile jani. Mwanzoni lilikuwa mezani, kisha lilikuwa dirishani. Juzi nimelikuta kwenye kopo lenye maji, kama tunavyofanya isale tunalotaka lichipue. Sikuuliza.